Karavani ikilala masika nzima Malindi: tuliyojifunza kuhusu ukungu

Kila mwaka Machi ikiisha, upepo wa kaskazi umeanza kulegea na joto limebana mpaka usiku, simu zinaanza. Watu wenye karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, kuanzia Watamu, hapa Malindi mpaka Mambrui wanataka kuzilaza manake safari za Tsavo na Marafa zimeisha, wageni wamerudi kwao na masika iko njiani, na karibu wote swali lao ni moja tu, nifunike na nini? Mimi nawajibu kufunika kutakuja baadaye, kwanza tuongee hewa. Kwa simu siwezi kueleza nikamaliza ndio nimeona niandike kirefu mara moja, na hili jambo nalijali sana kwa sababu nimeona mali nzuri za watu zikioza bure kwa kukosa maarifa madogo tu.

Karavani yetu tulinunua mimi na ndugu yangu kutoka kwa mzee mmoja Mtaliano aliyekua anarudi kwao kabisa. Ilikua imelala nyuma ya nyumba huko Casuarina, imefunikwa turubai la plastiki la bluu lililokazwa kamba mpaka chini kwenye magurudumu, madirisha yote yamefungwa, na vile vitundu vya hewa vimezibwa na teipu wadudu wasiingie. Aliyeifunga vile aliipenda, inaonekana, alichukua muda wake. Kwa nje bati safi. Tulipofungua mlango harufu iliyotoka tulirudi nyuma wote wawili. Godoro upande wa chini lina madoa meusi, mapazia yana vitone vitone, ndani ya makabati plaiwudi imeota unga wa kijani, na kulikua na mkanda wa ngozi umesahaulika kwenye ndoano, umeota manyoya meupe kuanzia kwenye bizimu mpaka ncha. Na sakafu kavu kabisa! Hakuna mstari wa maji ukutani, hakuna dimbwi, hakuna bati lililotoboka.

Ndugu yangu alishikilia kwamba paa linavuja. Tukamwita mzee mmoja wa Lamu, fundi wa majahazi aliyehamia hapa kwa binti yake na sasa anafanya kazi za mbao mjini. Akaingia, akapitisha kiganja kwenye dari taratibu kutoka mbele mpaka nyuma, akanusa vidole, akafungua kabati la chini akaingiza mkono mpaka kwenye kona ya mwisho.

"Mzee, linavuja wapi?" ndugu yangu akamuuliza.

"Halivuji, mwanangu. Hili ni jasho la bati. Maji yametoka humu humu ndani."

Sasa hapo ndipo penye kila kitu, kwa hivyo wacha nieleze vile nilivyokuja kuelewa. Hewa ya pwani yetu siku zote imebeba maji. Mchana joto linaibeba sawa tu huoni kitu. Usiku ukiwa hauna mawingu bati la paa linapoteza joto lake kwenda juu angani, linapoa kuliko hata hewa iliyo karibu nalo, ndio maana asubuhi unakuta gari limelowa umande na mvua haikunyesha. Basi na upande wa ndani mambo ni yale yale, hewa ikigusa dari iliyopoa inaacha maji yake pale, kidogo kidogo, yanateremka kwenye kuta, yananywewa na godoro na plaiwudi na sponji za viti. Asubuhi jua likipiga turubai ndani kunakua moto, maji yanageuka mvuke tena, hayana pa kutokea, usiku yanarudi darini. Yanazunguka hivyo miezi yote ya masika, na ukungu nao hauhitaji kingine, unahitaji unyevu, joto, na kitu cha kula kama mbao, karatasi, kitambaa, ngozi, hata vumbi na mafuta ya kupikia yaliyoganda ukutani. EPA, lile shirika la mazingira la Marekani, linashauri unyevu wa ndani ya nyumba ukae chini ya asilimia 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50, na kitu kikilowa kikaushwe ndani ya saa 24 mpaka 48 kabla ukungu haujaanza kuota. Mwezi wa Mei hapa kwetu, ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, kipimo changu usiku kinapita 90 na mchana jua likitoka kinashuka mpaka sabini na kitu. Kwa hivyo usiote kufika 60 kwa kufungua madirisha peke yake. Lengo ni bati lisitoe jasho na hewa isikae mahali pamoja, ukipata hayo mawili ukungu unakosa nguvu hata kama namba si nzuri.

Nikilinganisha na nyumba zetu za zamani naelewa zaidi. Nenda Mji Mkongwe wa Lamu, ule ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ingia kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe yenye plasta ya chokaa. Ukuta nene, unanyonya unyevu usiku na kuutoa mchana, na chokaa yenyewe ni kali, ukungu hauipendi. Karavani haina ukuta wa namna hio. Ni bati, sponji, plaiwudi nyembamba na juu yake karatasi ya plastiki, maji yakishaingia katikati ya vile vitu hayajui njia ya kutoka. Ndio maana nawaambia watu huwezi kuitunza karavani vile unavyotunza nyumba, ati ukafunga milango ukaweka kufuli ukaenda zako miezi minne.

Banda la makuti ndio limetufaa kuliko kila kitu tulichojaribu, na wallahi kama ungeniambia nichague kimoja tu ningechagua hilo. Nguzo za mvinje, paa lenye mwinuko mkali ili maji yateremke haraka, pande zote wazi isipokua upande wa kusi ambako mvua inakuja imelala, pale tumeweka makuti mpaka nusu ya urefu. Kivuli mchana wote unakijua, lakini faida kubwa ni ya usiku. Paa la karavani halioni tena anga, linaona makuti, kwa hivyo halipoi kama lile lililo nje, na lisipopoa halitoi jasho. Tulifanya majaribio yetu, tuliweka kipande cha bati nje kwenye kiti na kingine chini ya banda, asubuhi cha nje kinatiririka umande na cha ndani kavu. Watu wanajenga banda la mabati wakidhani ni bora, mimi sikushauri kama huna namna ya kuweka kitu chini yake, bati la banda nalo usiku linatoa jasho na kudondosha juu ya karavani. Makuti yana kazi yake, lazima uyabadilishe yakichakaa, na moto ni hatari kweli, kwa hivyo mtungi wa gesi unatoka unawekwa mbali na hakuna mtu kupika wala kuvuta sigara karibu.

Kama huna banda na lazima ufunike, tafuta turubai la kitambaa kinachopitisha hewa, turubai zito lile la zamani la pamba ama vifuniko vilivyotengenezwa maalum, na lisigusane na bati moja kwa moja, weka fito ama maboya ya mipira juu ya paa kuwe na nafasi ya hewa. Chini liachie wazi. Plastiki ya bluu achia wenye kuanika mahindi.

Chini ya karavani nako kuna habari. Udongo mtupu na nyasi vinapumua maji juu usiku kucha. Sisi tulilaza nailoni nzito, juu yake tukamwaga kokoto, karavani ikapandishwa kwenye matofali ya zege magurudumu yapumzike. Sikuweka vipande vya mbao manake mchwa wa Malindi sitaki kuwafungulia mlango. Na mbele tuliinua kidogo kuliko nyuma ili maji yoyote yakianguka juu ya paa yateremke yasitulie. Usiegeshe chini ya mwembe wala mkungu, majani yanajaza mifereji ya paa na kushika maji, na chini ya mnazi sina haja ya kukueleza.

Ndani sasa. Kabla ya kuilaza karavani kausha kila kitu, na namaanisha kausha, si kupanguza. Watu wanasahau kwamba safari yenyewe imejaza maji humo. Pumzi za watu wanne usiku mzima, nguo za kuogelea zilizotundikwa, na gesi ya kupikia, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, yote hayo yameingia kwenye godoro na sponji. Sisi tunalaza mwisho wa Machi kukiwa bado na jua kali, magodoro na viti vinatoka nje vinaanikwa juu ya kitanda cha kamba siku kadhaa vikigeuzwa, mapazia yanafuliwa, na kinachoweza kukaa nyumbani hakirudi. Magodoro yanalala nyumbani kwetu. Kama huna nafasi nyumbani, yasimamishe kwa ubavu katikati ya karavani yasiguse ukuta. Makabati yote wazi, droo zimevutwa nusu, mlango wa friji unaachwa wazi umewekewa kipande cha kitambaa usijifunge. Tangi la maji safi na la maji machafu yamwagwe yote, bomba zifunguliwe mpaka ziishe kulia. Chakula chochote kitoke, na vitabu, viatu vya ngozi, boksi za karatasi, mifuko ya turubai ya hema, vyote hivyo ni chakula cha ukungu.

Halafu kuna chumvi, na hii watu wa bara wakija na karavani zao hawaijui. Chumvi ya mezani inaanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, na mimi nimeshakwambia usiku wetu unasoma ngapi. Kwa hivyo karavani iliyotoka ufuo wa Silversands na yale marasharasha ya mawimbi yameikaukia, kuta zake hazikauki usiku hata mmoja, ile chumvi inavuta maji inayashikilia. Na si nje tu. Mchanga wa bahari chini ya kapeti, taulo iliyofutia mtu mwili, mkeka, kiti ambacho mtoto alikalia akitoka kuogelea, vyote vina chumvi na vyote vitarudi kulowa hata ukivianika wiki nzima. Dawa ni maji matamu. Sasa hapa Malindi tuangalie, kisima karibu na bahari maji yake yenyewe yana chumvi, ukioshea hayo umeongeza tatizo. Sisi tunatumia maji ya mfereji, yale ya Baricho, ama maji ya mvua tuliyokinga. Paa, kuta, chini kwenye chesisi, halafu ndani unapanguza kila mahali na kitambaa kilichokamuliwa, unabadilisha maji mara kwa mara, unaacha milango wazi mpaka jioni. Kapeti tuliing'oa tukaitupa, sakafu ya plastiki inatosha na unaona kila kitu.

Tukija kwenye swali la kufungua ama kufunga, hapa ndipo watu wanachanganya na kupoteza pesa. Kuna njia mbili na kila moja ni nzuri ukiifuata peke yake. Ya kwanza ni kupitisha hewa. Ya pili ni kufunga kabisa na kukausha hewa ya ndani. Mtu anaweka dawa za kunyonya unyevu ndani halafu anaacha vitundu wazi, ile dawa inajaribu kukausha Bahari ya Hindi yote, haiwezi. Mwingine anafunga kila kitu na haweki chochote, ndio ile tuliyoikuta Casuarina.

Ukiwa na stima ya uhakika, mashine ya kukausha hewa inafanya kazi nzuri mno. Chukua ile ya kompresa, kwa joto letu ndio inafaa, funga vitundu vyote, paipu yake iingie kwenye sinki maji yaende nje yenyewe, uiweke kwenye 55 ama 60 uiachie. Shida ni masika stima inapotea, na mashine nyingi stima ikirudi haziwaki zenyewe, na karavani iliyofungwa kabisa bila mashine siku kadhaa tayari imeanza kunuka. Uliza dukani kabla ya kulipa kama inajiwasha.

Vile vikopo vya kabatini vinavyojaa maji ndani yake ni kalsiamu kloraidi, na inanyonya kweli, hata hewa kavu kiasi inaitoa maji, haisubiri kufika 75 kama chumvi ya mezani. Lakini kwa unyevu wetu kikopo kinajaa haraka sana. Yale maji yanayotoka usiyachezee, yanakula chuma na mbao yakimwagikia hayakauki tena. Kiweke ndani ya sinki ama kwenye beseni, si juu ya godoro. Makaa kwenye bakuli yanasaidia harufu, maji hayatoi ya maana. Mchele ni kupoteza chakula. Chumvi ya mawe kwenye sahani kuna mtu alinisifia sana, sasa umeshajua inafanya kazi usiku tu na ikishalowa inakaa pale inatiririka. Na chokaa mbichi, ile haijazimwa, tafadhali usiweke ndani, ikikutana na maji inawaka joto na inaunguza macho na ngozi.

Sisi tumefuata njia ya hewa kwa sababu tuna banda. Lakini hata hewa ina saa zake. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, siku isiyo na mvua, fungua madirisha ya pande mbili upepo wa kusi ukate katikati. Jioni funga madirisha, acha tu vile vitundu vya chini na cha paa vyenye wavu. Ukiacha madirisha wazi usiku mzima unaingiza hewa ya asilimia 90 na chumvi yake, na hio sio kupitisha hewa. Sasa nani atakua pale kila siku saa nne na saa kumi? Mimi nina kazi, ndugu yangu pia. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko alitufanyia kitu ambacho namshukuru mpaka leo. Alichukua feni mbili ndogo za kompyuta za volti 12, akazifunga kwenye kitundu cha paa zikitoa hewa nje, akaziunganisha moja kwa moja na paneli ndogo ya sola tuliyoisimamisha juani nje ya banda. Hakuna betri, hakuna swichi. Jua likitoka feni zinazunguka, jua likizama zinalala, mawingu yakiwa mazito zinaenda polepole. Yaani saa ambazo hewa inafaa kuingia ndio saa ambazo feni zinafanya kazi, bila mtu kugusa. Hewa inavutwa kutoka vitundu vya chini, inapita chini ya vitanda na ndani ya makabati yaliyo wazi, inatokea juu. Masika ya kwanza nazo nilikua naenda kuangalia naweka tu mkono pale juu nasikia ule upepo unatoka, moyo unatulia.

Nunua kipimo cha unyevu, ni kitu kidogo cha bei nafuu, ila usikiweke juu ya meza katikati. Kiweke ndani ya kabati la chini kwenye kona ya nyuma iliyo mbali na mlango, pale ambapo mzee alitia mkono wake. Meza inaweza kusoma vizuri na kona ile inaoza.

Sijasema habari ya kuvuja manake nilitaka jasho lieleweke kwanza, lakini kuvuja kupo na kunaua karavani haraka zaidi. Mwisho wa 2023 zile mvua za El Niño, wakati barabara ya Lamu ilikatika Gamba, hata vuli tulioizoea haikua vuli tena, na karavani nyingi zilizokua salama miaka yote ziliingia maji. Jua la hapa, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, linakausha gundi za paa mpaka zinapasuka kama matope ya mto uliokauka. Kila Februari tunafanya jaribio la maji. Mmoja nje na mpira, mwingine ndani na tochi. Unaanza kumwagia chini, kwenye madirisha, unapanda taratibu, kila mahali unakaa dakika kadhaa, paa mwisho kabisa, ukianzia juu maji yakitokea hutajua yameingilia wapi. Mara moja nilikua ndani nimelala chali nimeelekeza tochi darini, ndugu yangu yuko juu anamwagia karibu na kitundu cha mbele, na mimi naona tone linajikusanya kwenye skrubu ya taa ya nyuma, mbali kabisa, linaning'inia, linaanguka kifuani kwangu. Maji yalikua yameingilia kwenye tundu la skrubu ya fremu ya mbele, yakafuata ubao wa ndani mpaka nyuma. Tungetia gundi kwenye taa tungekua tunajisumbua.

Kuhusu gundi, usitumie silikoni ya bafuni ile inayonuka siki. Ile siki inakula bati na ikishapakwa chochote kingine baadaye hakishiki. Ng'oa gundi kuukuu yote, safisha mpaka bati ling'ae, weka teipu ya butili chini ya fremu kisha gundi ya poliurethani pembeni. Na ukibonyeza ukuta kwa dole gumba ukasikia unabonyea, usipake kitu juu, fungua uone, mbao ya ndani ikipita asilimia 20 ya maji iko kwenye hatari ya kuoza na kuifunika ni kuifungia ugonjwa.

Ukikuta ukungu umeshaota, usiusugue ukiwa mkavu, utapeperusha mbegu zake kote na kuzivuta kifuani. Vaa barakoa nzuri na glavu, fungua kila kitu, mtu mwenye pumu asiingie kabisa, hata akiwa ni kijana mwenye nguvu. Kwenye plastiki, vioo na bati, siki nyeupe inatosha, nyunyiza, acha saa moja, panguza, tupa kitambaa, kausha. Jiki inafuta rangi nyeusi kwenye vitu vigumu lakini kwenye mbao haiingii ndani, doa litaondoka na mizizi itabaki. Na narudia hili kwa kila mtu, siki na jiki havikutani, si kwenye ndoo moja wala kimoja kikifuata kingine kabla hujasuuza, inatoka gesi ya klorini na kwenye chumba kidogo kama kile inaweza kukuua. Sponji iliyoota ukungu mpaka ndani itupe. Najua godoro ni pesa, mama yangu naye alituomba tulianike tu tuendelee kulitumia, lakini mdogo wetu ana pumu na hatukutaka kujadiliana. Tulilichoma.

Kwa ndugu zetu wa Lamu, nyinyi hali yenu ni ngumu zaidi manake karavani yako iko Mokowe na wewe uko ng'ambo ya maji. Kwenu sishauri kabisa njia ya kufunga na vikopo, hutakuwepo kuvimwaga, na mashine bila mtu wa kuiangalia sitaiamini. Jenga makuti, weka feni za sola kama nilivyoeleza, toa magodoro uvushe nayo nyumbani, halafu tafuta mtu mmoja mwaminifu pale pale, si yule anayepita ukimpigia simu. Mlipe vizuri na umpe kazi inayoeleweka: kila Ijumaa baada ya swala afungue kwa muda wa saa mbili kama jua lipo, apige picha kipimo cha kwenye kona, apige picha dari, aweke kiganja chake kwenye kitundu cha feni akwambie kama upepo unatoka. Kipimo kikipita 80 mchana wiki mbili mfululizo, panda boti uende mwenyewe, usisubiri Agosti.